Kofia ya Mjomba na Mto Unaolala

Geti la Chini,
Jumanne, tarehe 3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujauliza: ndiyo, nakula, ndiyo, nalala na soksi. Sijakupigia simu kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya tangi la maji tu, na nikipanda kule Mkuu wa Geti ananiuliza natafuta nini. Halafu wewe mwenyewe kwenye simu unasikia nusu, na hiyo nusu unaijibu vingine. Kwa hiyo barua. Gari la vyakula linateremka mjini kila Jumanne na kupanda kila Ijumaa, na dereva amekubali kuwa posta yetu.

Nina wiki tatu sasa kwenye dawati la maelezo, na nimechanganyikiwa. Kazi yenyewe si ngumu: kukaa, kutabasamu, kujibu wageni. Kinachonimaliza ni maswali. Jana bwana mmoja mwenye kamera tatu shingoni aliniuliza ukungu huu tunauzima saa ngapi ili apige picha. Mama mmoja alitaka kujua kama upande wa pili wa mlima nao unapanda, au ule ni wa kushuka tu. Bwana harusi aliye fungateni aliuliza mlima ulichukua miaka mingapi kujengwa. Mke wake akamkanyaga mguu, nikadhani ameona aibu, kumbe naye ana lake: alitaka kujua kama fundi bado yupo.

Na kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu, amechukua chumba kwenye nyumba ya wageni hapa getini kwa mwezi mzima. Kila asubuhi anakuja na daftari lake. Tumempa jina Bibi wa Maswali. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, mto wenu unafunguliwa saa ngapi?" Wenzangu walicheka mpaka wakashika meza. Mimi sikucheka, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa tayari kujibu, "Saa nane mchana, Bibi." Si uliniambia wewe, nikiwa na miaka saba, kwamba juu kuna mto unaolala asubuhi na kuamka saa nane? Nikameza jibu langu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila ninachokijua kuhusu mlima huu nimekipata kwako, na wewe, Mjomba wangu mpenzi, ni mwongo.

Sasa shida yenyewe. Mkuu wa Geti amenipa kazi ya kuandika tangazo kubwa la ubaoni: mambo ambayo wageni husikia kuhusu mlima, yapi ni kweli na yapi ni uongo. Mwezi huu huu anakuja Mkaguzi kutoka makao makuu kulisoma. Likiwa sawa, majaribio yangu yanaisha na napewa beji ya uongozaji, yaani nitapanda mlima kama ulivyopanda wewe. Likiwa na makosa, narudi kukunja mashati kwenye duka la shangazi. Bila beji mfanyakazi haruhusiwi kuvuka kizuizi cha kwanza, kwa hiyo siwezi kwenda kujionea. Nimewauliza waongozaji. Kila mmoja anacheka na kusema, "Hayo ni ya mjomba wako. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza. Nijibu kwa neno moja moja tu, kweli au uongo. Kwamba mto wa korongoni hulala asubuhi ukaamka saa nane. Kwamba mwangwi wa bondeni huganda kwa baridi, ukaja kusikika kesho yake jua likitoka. Kwamba kuna mmea unaotunza majani yake makavu miaka na miaka ili uyavae kama koti. Kwamba mawe ya kileleni ni mepesi, na ndiyo maana yako juu. Kwamba pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia, ni ndugu wa tembo. Na kwamba kinyonga akipanda juu ya mawingu rangi zinamwishia, inabidi ateremke kuchukua nyingine.

Na goti linaendeleaje? Mama anasema ulianguka ngazini. Mama hajui kudanganya, kwa hiyo nataka kujua nani alimdanganya yeye.

Mpwa wako wa dawatini


Mjini, ghorofa ya nne,
Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu na kumsomea binamu yako mara moja, akacheka mpaka akaunguza maharage. Hapa kwake naishi kama sanduku la nguo za baridi: nimewekwa pembeni, nimefunikwa blanketi, na hakuna anayejua lini nitahitajika. Ngazi ni sabini na mbili. Nimezihesabu siku niliyopandishwa, na sijateremka tena.

Umenikumbusha mbali. Mimi kuna mgeni nilimfikisha kileleni baada ya siku tano za kupanda, akakaa, akavuta pumzi, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Samahani, huu bado ni mlima uleule?" Nikamwambia hapana, tulishauvuka juzi, ila sikutaka kumvunja moyo. Akanishukuru sana.

Huyo bwana wa kamera mwambie ukungu hauzimwi, unakunjwa. Na wale maharusi waambie fundi yupo, ila amepandisha ngazi juu na hajui ateremke vipi.

Kuhusu maswali yako sita, unaniuliza kama vile hunijui. Yote ni kweli, kasoro yale ya uongo. Kwanza huo mwangwi mimi umenipiga. Ndio ulioniumiza goti. Nilipiga kelele mwaka juzi wakati wa baridi kali, nikasahau, mwaka jana nikapita palepale jua linawaka, sauti yangu mwenyewe ikaniangukia yote kwa pamoja. Mwambie mama yako hivyo, aache habari za ngazi.

Mjomba wako


Geti la Chini,
Jumanne, tarehe 10 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekasirika, na nimesubiri siku nne ili nikuandikie nikiwa nimetulia, lakini bado.

Wewe kwako haya ni mazungumzo. Mimi nina karatasi nyeupe ya mita moja kwa mita moja na nusu imebandikwa ubaoni, haina kitu isipokuwa vichwa viwili vya habari: KWELI na UONGO. Kila mgeni anayepita anaisoma. Mmoja aliniuliza kama ndiyo yote tunayoyajua. Mkuu wa Geti naye anapita, anaitazama, ananitazama mimi, anakohoa.

Nimejaribu kufikiri mwenyewe. Mto unaolala ni upuuzi, maana mto si mtu. Lakini mmea unaovaa koti nao ni upuuzi, na jana mwongozaji mmoja ameteremka na picha ya kitu kirefu kimevaa manyoya ya majani makavu kuanzia shingoni. Nikamuuliza, huo ndio mmea wa Mjomba? Akasema, "Sisemi." Sasa sijui nisadiki lipi. Nikilala naota kinyonga mweupe anaomba rangi dirishani.

Nataka kupanda mlima huu, Mjomba. Nimetaka tangu nikiwa na miaka saba, na ni wewe uliyenitia hamu hiyo. Usinirudishe kwenye mashati.

Na goti halipigwi na mwangwi.

Mpwa wako


Mjini,
Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Haya, umenishika pabaya. Binamu yako ameisoma barua yako kabla yangu na amenikatalia chai mpaka nikujibu vizuri.

Kwanza uelewe kwa nini wenzangu hawakujibu. Sisi waongozaji tuna desturi, nayo ni ya zamani kuliko kizuizi chenu. Safari ni ndefu, wageni wanachoka, wanalia, wanataka kurudi. Ukiwapa hadithi wanatembea. Lakini mwongozaji mwenzako lazima ajue lini unasimulia na lini unaeleza, asije akakusahihisha mbele ya watu. Kwa hiyo tunatumia kofia. Unaijua kofia yangu ya bluu, ile yenye mdomo wa kukinga jua. Mdomo ukiwa upande mmoja, maneno ni ya kweli. Ukiwa upande mwingine, ni ya kuchekesha. Mwenzako anaangalia kofia, anafunga mdomo wake, basi. Na hadithi ya mwongozaji ni mali yake. Hakuna mwingine wa kuisema ni kweli au uongo, hata mwenyewe akiwa amestaafu na yuko ghorofa ya nne.

Barua haina kofia, ndiyo maana nilikuwa napata shida kukujibu. Sasa nimepata dawa. Kwenye karatasi hii ya pili nimeyaandika yote sita, na pembeni ya kila moja nimechora kichwa changu chenye pua na kofia. Pua nimeifanya kubwa ili ujue mbele ni wapi. Wewe angalia tu mdomo wa kofia umeelekea wapi. Ipi ni ipi sina haja ya kukueleza, umeniona na kofia hiyo kabla hujaota meno.

Kichwa cha mto nimekichora mara mbili, usije ukakosea.

Goti ni nyati. Sitaki kulizungumza.

Mjomba wako


Geti la Chini,
Jumanne, tarehe 17 Juni

Mjomba wangu wa dhahabu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba. Tangazo limekamilika na liko ubaoni tangu Jumamosi.

Nilipofungua ile karatasi ya vichwa nilicheka peke yangu. Pua umejipendelea, ya kweli ni kubwa zaidi. Nikafikiri kidogo, nikaelewa. Nyumbani, tangu nikiwa mtoto, sijawahi kukuona umevaa kofia ile ila mdomo ukiwa kisogoni. Hivyo ndivyo unavyoivaa ukiwa na sisi, watu wako. Mara moja tu nimeuona mdomo ukiwa mbele: kwenye ile picha ya sebuleni, umesimama na watalii, na mama husema kila akiifuta vumbi, "Hapo kaka alikuwa kazini anawadanganya watu." Basi hesabu ikawa rahisi. Mdomo kisogoni ni kofia ya nyumbani, ni kweli. Mdomo mbele ni kofia ya watalii, ni uongo.

Kwa hiyo chini ya KWELI nimeandika: mwangwi huganda, mawe ya kileleni ni mepesi, kinyonga huishiwa rangi juu ya mawingu. Nakiri mkono ulikuwa mzito hapo kwenye mawe. Lakini wewe ndiye uliyekaa huko miaka thelathini, mimi nimekaa dawatini wiki tano. Chini ya UONGO nimeandika mmea wa koti, pimbi na tembo, na mto. Na mto, kwa kuwa uliuchora mara mbili, nimeuandika kwa wino mwekundu: SI KWELI KWAMBA MTO HUJA SAA NANE MCHANA. KORONGO NI KAVU NA SALAMA WAKATI WOTE.

Mjomba, ungeona waongozaji! Walikuja kusoma wakiwa saba. Halafu mmoja baada ya mwingine wakageuza kofia zao, midomo kisogoni, wakanipigia saluti. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Bibi wa Maswali alisoma akiwa amenyanyua miwani. Nikamwambia, "Bibi, sasa una jibu lako. Mto haufunguliwi." Akaandika kwenye daftari, akasema, "Mh."

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Niombee.

Mpwa wako, karibu mwongozaji

Tena: nyati wanaishi upande wa pili wa mlima. Ramani ipo hapa dawatini.


Mjini,
Jumanne, tarehe 17 Juni, saa kumi jioni

Mpwa wangu,

LING'OE. Ling'oe sasa hivi, usimalize kusoma, ling'oe kwanza kisha urudi.

Umeling'oa? Ni kinyume, mwanangu. Kila kitu ni kinyume. Mdomo mbele ndiyo kweli. Mdomo kisogoni ndiyo uongo. Nyumbani mdomo ulikuwa kisogoni kwa sababu nyumbani nilikuwa nawadanganya kutoka asubuhi mpaka mnapolala! Na ile picha ya sebuleni ndiyo siku pekee niliyosema kweli kutwa nzima, kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa bosi.

Hao saba waliogeuza kofia walidhani unatania. Walidhani umeingia kwenye desturi, wakakukaribisha. Hakuna hata mmoja atakayekusahihisha, maana ndivyo nilivyowafundisha mimi. Wao wageni wao watawapitisha salama. Lakini wale wa siku moja, wanaotembea wenyewe na mikate yao mpaka korongoni, hao wanasoma ubao.

Mto ni kweli. Mto ni kweli kuliko mimi. Asubuhi barafu ya juu imeshika, maji hayatoki, korongo ni kavu unaweza kulaza mtoto pale. Jua likipanda barafu inayeyuka, na maji yanachukua muda kufika. Saa nane yanaingia kwa mkupuo mmoja. Hayaji kidogo kidogo ukayaona. Yanakuja yote.

Nimepiga simu ya mezani ya ofisi ya geti. Mkuu wako amepokea. Mimi nimesema "mto", yeye amesema sijui nini, nimesema "kofia", akakata. Binamu yako amepiga tena na tena, haipokelewi. Gari haliendi mpaka Ijumaa. Nimeteremka ngazi kumi na nne kati ya sabini na mbili ili nije mwenyewe, goti likagoma, binamu yako na jirani wamenirudisha juu wakinibeba kama kabati. Weka kamba. Kaa pale mwenyewe. Mwambie Mkaguzi ni kosa langu, aninyang'anye chochote anachotaka.

Mjomba


Geti la Chini,
Jumanne, tarehe 24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya kung'oa ilinifikia Ijumaa. Mkaguzi alikuwa amekuja Alhamisi.

Kaa kitako nikusimulie, na usiruke mistari, hakuna aliyekufa.

Mkaguzi ni mtu mrefu, mkavu, anayesoma kila kitu kwa kidole. Alisoma tangazo langu kuanzia juu mpaka chini na hakucheka hata kidogo. Akasema, "Tutahakiki moja baada ya jingine." Akaninakilisha tangazo lote kwenye karatasi ndogo, akaikunja, akasema niongozane naye. Ndivyo nilivyovuka kizuizi cha kwanza, Mjomba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa nimebeba uongo mtupu mkononi na sijui.

Njiani alikuwa anaokota mawe. Analipima moja mkononi, anatikisa kichwa, analitia kwenye mkoba wake wa begani, anasema ni sampuli. Kila tulivyopanda alizidi kuhema, nami nikazidi kujiuliza kwa nini mawe haya hayapungui uzito.

Tulifika korongoni saa nane kasoro dakika kama kumi. Wageni wa siku moja walikuwa pale, zaidi ya ishirini, wamekaa kwa mstari ukingoni wanakula mikate yao. Hakuna hata mmoja aliyevuka. Bibi wa Maswali alikuwa katikati yao, daftari magotini, saa ya mkononi ameivua ameishika. Mkaguzi akauliza mbona hamwendi ng'ambo, na tangazo linasema ni salama? Bibi akamjibu kwa upole kabisa: "Bwana, nimefundisha miaka thelathini na minane. Mtu akiniambia mawe ya juu ni mepesi, na kwamba mwangwi huganda, halafu akaniambia kwa wino mwekundu kwamba mto hauji, mimi nakaa nausubiri mto. Na hawa nimewashauri wakae nami."

Wote wakacheka. Mkaguzi hakupenda. Akasema serikali haiandiki utani ubaoni, akateremka mpaka katikati ya korongo, akasimama pale na mkoba wake na karatasi yake, akatufungulia mikono kama kusema, sasa?

Bibi akatazama saa. "Unafunguliwa," akasema.

Niliusikia kabla sijauona. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama gari la mizigo linamwaga kokoto nyuma ya nyumba. Mkaguzi aligeuka kuangalia juu badala ya kukimbia. Nilishikwa na woga mbaya, lakini miguu ilikuwa imeshateremka. Nilimkamata mkoba nikamvuta. Mkoba haukuja, ulikuwa umejaa mawe mepesi! Nikamwambia auache. Akasema ni sampuli. Nikamkata usemi, nikamvua mkoba kichwani kama mama anavyomvua mtoto shati, nikamvuta mkono. Maji yakatupata magotini karibu na ukingo. Watu wawili wakatudaka. Nilipogeuka, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na mto, Mjomba, mto mzima, wa kahawia, unapita kana kwamba umekuwepo siku zote.

Mkaguzi amepoteza mkoba na kiatu kimoja. Wageni walipiga makofi. Bwana wa kamera tatu aliniuliza onyesho la pili ni saa ngapi.

Mkaguzi alikaa getini amefunikwa blanketi, anakunywa maji ya moto. Mwishowe akaniuliza ni nani aliyenipa habari za tangazo. Nikamwambia nilipewa zilizo sahihi nikazisoma kinyume. Hilo ni kweli, kosa ni langu, sitaki ulichukue. Akasema ataandika uamuzi wake wiki hii. Tangazo limetolewa. Beji sina. Mashati ya shangazi nayaona yananisubiri.

Lakini si hilo ninalotaka kukuuliza. Maji yale yaliponishika, hayakunisukuma kifuani wala mgongoni. Yalinishika magoti. Nilihisi kabisa jinsi yanavyotaka kulipindua goti litazame nyuma. Umeniambia mwangwi, umeniambia nyati, mama umemwambia ngazi. Niambie ni nini. Na safari hii chora kichwa, nimeshajua kukisoma.

Mpwa wako


Mjini,
Alhamisi, tarehe 26 Juni

Mpwa wangu,

Kichwa nimekichora hapo juu kabla ya kuandika neno. Mdomo uko mbele, juu ya pua. Kiangalie vizuri.

Ni mto.

Nilikuwa peke yangu siku hiyo, nateremka baada ya kukabidhi wageni kambini. Nilifika korongoni saa nane kasoro. Hadithi ya mto unaolala nilikuwa nimeisimulia miaka thelathini. Mwanzoni niliisimulia na mdomo wa kofia mbele, kama onyo, na watu hawakunisikiliza, walisinzia. Nikaanza kuichekesha. Nikaupa mto blanketi, nikaupa mke anayeuamsha, nikasema unapiga miayo. Wakasikiliza sana, na hawakusahau. Lakini na mimi nikanogewa. Siku ile niliposimama pale na kuliona korongo kavu, jua zuri, ndege wanadonoa mchangani, nilicheka. Nilijiambia, mzee, na wewe umeanza kuyasadiki maneno yako? Nikateremka polepole, hata sikuharakisha. Katikati nilikaa chini kufunga kamba ya kiatu.

Nilitoka kwa kutambaa. Ilinichukua mpaka jioni kufika kambini. Nilipoona taa zao, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza kofia kisogoni. Nikawaambia ni nyati. Wakaiona kofia, wakajua nadanganya, na kwa kuwa ni desturi, hakuna aliyeniuliza tena. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza. Niliona aibu, mwanangu. Bado naona aibu. Mwongozaji wa miaka thelathini amevunjwa goti na hadithi yake mwenyewe.

Uliponiandikia lile swali la kwanza, nilitaka kukwambia mto ni kweli. Kalamu ikakataa, kwa sababu nikisema mto ni kweli, swali linalofuata ni goti. Ndiyo maana niliuchora mara mbili badala ya kuandika neno moja. Ningekuwa nimeandika neno moja, wewe usingeingia kwenye maji yale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wenzangu hawajui. Ukitaka kuwaambia, waambie.

Nimempa dereva kofia. Mimi hapa ghorofa ya nne sina jua la kukinga.

Mjomba wako


Korongoni,
Jumatatu, tarehe 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Naandikia juu ya jiwe, na jiwe ni zito.

Uamuzi umekuja pamoja na kofia, kwenye gari moja. Mkaguzi ameandika kwamba kuanzia sasa hakutakuwa na tangazo lolote la maandishi kuhusu korongo. Badala yake patakuwa na mtu, kila siku, kuanzia saa tano mpaka saa kumi, wa kuwaeleza wageni kwa mdomo. Beji ipo ndani ya bahasha. Ina cheo changu, MWONGOZAJI, na chini yake kwa herufi ndogo: korongoni tu. Nimecheka, nimelia kidogo, nimeivaa. Mashati shangazi atayakunja mwenyewe.

Kofia imenikalia kubwa. Nimeivaa mdomo mbele. Bibi wa Maswali ameahirisha kuondoka, amekuja na kiti chake.

Leo walikuwa wageni kumi na wanne. Niliwaeleza kwamba mto umelala na utaamka saa nane, na walicheka wote, kofia yangu ikiwa mbele kabisa. Bwana mmoja akaniuliza kama ukichelewa kuamka tunaupigia simu. Akaanza kuteremka huku bado anacheka. Nilimwita mara mbili, hakugeuka. Hapo nikawaambia habari ya goti lako. Nilisema tu ilivyokuwa, kwamba mjomba wangu aliongoza watu hapa miaka thelathini, na kwamba alikaa pale, palepale ulipo, bwana, kufunga kamba ya kiatu. Yule bwana akasimama. Akatazama viatu vyake. Akapanda kurudi.

Waongozaji wawili walikuwa wanapita na mizigo, nao wakasikia. Walijua nasema habari ya nani. Hawakucheka. Kila mmoja aliigeuza kofia yake, mdomo ukaja mbele, wakasimama na sisi kusubiri.

Uliamka saa nane na dakika tatu. Bibi ameandika.

Binamu anasema kwenye simu, nikiwa juu ya tangi, kwamba jana umeteremka ngazi ishirini. Zimebaki hamsini na mbili. Dereva anasema kiti cha mbele ni chako Ijumaa yoyote utakayosema, na mimi nitakushika mkono kuanzia kizuizini mpaka hapa.

Mpwa wako, mwongozaji